Kumfuatilia babu wa kwanza pwani ya Unguja na Pemba: ukoo wake na mashamba aliyonunua

Mtu akitaka kumjua babu aliyetua mwanzo Unguja au Pemba, kwa kawaida hushika ukoo peke yake: nani alimzaa nani, nani alimuoa nani. Karatasi za mashamba huziacha ndani ya kibweta akidhani ni mambo ya mali na kesi. Akifika kizazi cha nne, majina yanamwishia. Karatasi zile zile alizoziacha ndizo zenye majina ya mashemeji, wajomba, watoto wa kike waliosahauliwa na jirani aliyempa babu binti yake. Kwa hivyo shika vyote viwili tangu siku ya kwanza. Kila jina la jamaa liulizie shamba, na kila shamba liulizie jamaa.

Kazi huanzia kwa wazee, tena kwa bibi kabla ya babu. Wanaume wengi hukariri mlolongo wa baba kwa baba na kuishia hapo. Wanawake ndio wanaojua nani alikuwa mke mkubwa, nani alizaliwa na suria, mtoto gani alilelewa kwa khalati yake na kwa nini. Usianze na suali la mwaka. Ukishaamkia na kukaa, uliza hivi: "Bibi, babu alipokuja alifikia kwa nani?" Suali hilo lina thamani kuliko yote. Mgeni wa pwani hakutua porini. Alifikia kwa mtu wa kabila lake, kwa tajiri wake au kwa nahodha, na mara nyingi mwenyeji huyo ndiye aliyemuozesha na ndiye aliyesimama shahidi aliponunua kipande chake cha kwanza. Jina la mwenyeji utalikuta tena kwenye karatasi.

Masuali yanayofuata yawe ya vitu vinavyoonekana: alichimba kisima kipi, alizikwa wapi, minazi ipi ilikuwa ya nani, nani alipewa nyumba na nani alipewa shamba, ugomvi wa mwanzo baada ya kufa kwake ulikuwa wa nini. Andika maneno kama yalivyosemwa, pamoja na jina la msemaji na uhusiano wake na babu. Neno "ndugu" ulichunguze kila linapotajwa, kwani linaweza kuwa la tumbo moja, la baba mmoja, mtoto wa ami au mtu wa mji mmoja tu. Uliza, "Baba mmoja mama mmoja?" na uandike jibu.

Maneno ya wazee hayana saa lakini yana alama. Kimbunga kikubwa cha Unguja kilipiga Aprili 1872 na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba haikupigwa kiasi hicho, na baada yake ukulima wa karafuu ukahamia huko kwa wingi. Ukiambiwa babu alihamia Pemba "baada ya mashamba kuanguka", umeshapata muongo wake. Soko la watumwa lilifungwa 1873. Kasri la Sultani lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Amri ya kuondoa utumwa kisheria ilitoka Aprili 1897. Homa kubwa ya dunia nzima ilikuwa 1918. Muulize mzee kama babu alikuwa ameshaoa wakati ule, na kama mtoto wake mkubwa alikuwa anatambaa au anakwenda.

Pepo nazo zinapima ukweli. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilishuka na kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na kurudi na kusi kuanzia Aprili. Hadithi ya kwamba babu alitoka Maskati kwa jahazi akashuka Unguja katikati ya kusi ina kasoro. Huenda alitoka bandari ya karibu ya mwambao, huenda alikuwa kisiwani tangu msimu uliopita, au kisa ni cha mtu mwengine. Makisio ya vizazi yahesabie miaka 25 hadi 30 kwa kila kimoja. Aliyezaliwa 1960, baba wa babu yake anaangukia karibu na 1876, kwa kupungua au kuzidi miaka kumi hivi. Familia ikidai kwamba mtu huyo alikuja na Sayyid Said, ambaye alifariki 1856, basi pana kizazi kimoja au viwili vimeruka.

Kuusoma waraka wa shamba

Karatasi za zamani huwa ndani ya sanduku la mti, ndani ya msahafu, au zimekunjwa ndani ya kitambaa. Usizinyooshe kwa nguvu kwenye mikunjo, maana hapo ndipo wino na karatasi vinapoachana. Usizibandike kwa gundi ya plastiki, kwani hugeuka manjano na kula maandishi. Ziweke juu ya meza penye mwanga wa dirishani usio wa jua kali, upige picha mbele na nyuma, halafu uzirudishe ndani ya bahasha ya karatasi kavu, siyo mfuko wa nailoni unaotoa jasho. Nyuma ya waraka mara nyingi pana mstari mmoja au miwili iliyoongezwa baadaye: deni limelipwa, fungu limeuzwa, mtu amekufa. Watu wengi hupiga picha mbele tu, na ule mstari wa nyuma ndio uliokuwa na habari.

Waraka wa karne ya 19 huandikwa kwa Kiarabu na hukaa kwa mpangilio mmoja. Huanza na kukiri: amekiri fulani bin fulani bin fulani kwamba amemuuzia fulani shamba lake lililoko mahali fulani. Halafu huja mipaka minne, bei, tarehe ya Hijria, jina la mwandishi au kadhi, na mashahidi. Ukimpata msomaji wa Kiarabu, mwambie akusomee neno kwa neno, wala asikupe muhtasari. Wasomaji wazuri huruka mipaka na mashahidi wakidhani ni maneno ya kawaida tu, na wewe unavihitaji vitu viwili hivyo kuliko bei.

Chukua mpaka mmoja kama unavyoandikwa: upande wa kibla shamba la fulani binti fulani, upande wa matlai bahari, upande wa suheli njia iendayo kisimani, upande wa magharibi shamba la mnunuzi mwenyewe. Kibla kwetu ni kaskazini, matlai ni mashariki, suheli ni kusini. Soma sasa yaliyomo. Mnunuzi alikuwa ameshanunua hapo kabla, kwa hivyo tafuta waraka wa zamani zaidi. Jirani wa kaskazini ni mwanamke mwenye shamba kwa jina lake, na ubini wake ukifanana na wa muuzaji, basi huenda ni dada yake, nao waligawana urithi wa baba yao. Bahari ikiwa mashariki, si rahisi shamba kuwa upande wa magharibi wa Unguja. Hapo umepunguza sana mahali pa kutafuta. Chora kila waraka kama kisanduku chenye pande nne na uandike majina kwenye pande. Nyaraka tano sita za mahali pamoja zikichorwa hivyo, huanza kushikana ubavu kwa ubavu na kukuonyesha mtaa mzima wa jamaa.

Majina ndiyo yanayopoteza watu wengi zaidi. Said bin Ali na Ali bin Said hupokezana kizazi kwa kizazi, kwa hivyo usimkubali mtu kwa majina mawili. Tafuta la tatu na nisba, yaani jina la kabila au la atokako, na kama hayapo, mtambue kwa jirani zake wa mpakani. Jina la mahali nalo lina mtego: Chwaka iko Unguja na iko Pemba, na majina kama Mtoni yanajirudia. Tahajia za makarani wa Kiingereza zilibadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa, na mtu mmoja akaandikwa Suleiman, Suliman na Seliman katika daftari moja.

Tarehe ya Hijria igeuze hivi kwa makisio: zidisha mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1290 unatoa 1873, na 1310 unatoa 1892. Hiyo inakupa mwaka. Ukitaka siku kamili tumia jedwali, na ukumbuke kwamba siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao kalenda ya ofisini huuita Alkhamisi usiku. Bei za zamani ni kwa riale ya fedha, baadaye kwa rupia. Riale moja ilikuwa rupia mbili na kitu. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia Zanzibar 1936 kwa kima cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Usigeuze bei kuwa fedha za leo, haitakupa maana yoyote. Ilinganishe na bei ya shamba la jirani la miaka ile ile.

Bei kataa na bei khiyari

Hapa panahitaji utulivu, kwa kuwa kosa la hapa linageuza historia nzima ya familia. Bei kataa ni kuuza moja kwa moja. Bei khiyari ni kuuza kwa sharti: muuzaji amepokea fedha, na ana haki ya kurudisha fedha hizo ndani ya muda uliowekwa na kuchukua shamba lake. Katika muda huo mara nyingi hubaki juu ya shamba na kulipa ijara, yaani kodi, kwa aliyetoa fedha. Kwa vitendo ni mkopo uliovaa nguo ya mauzo, na ndio uliotumika kupata fedha za kupalilia, kuchumia karafuu, kuozesha au kusafirisha bidhaa bara.

Kwa hivyo ukikuta babu "ameuza" shamba 1880 na watoto wake wanalirithi 1905, usifikiri pana udanganyifu. Tafuta neno khiyari na muda uliotajwa. Ukikuta "amenunua", uliza pia kama yeye ndiye aliyekopesha. Dalili nyengine ni shamba lile lile kuuzwa mara mbili tatu na mtu yule yule kwa watu tofauti, kila mara kwa bei ya juu kidogo: anakopa kwa huyu kumlipa yule. Tangu sheria ya 1934 iliyozuia mashamba ya Waarabu na Waafrika kuhamia kwa wadai, na zile za madeni zilizofuata, mtindo wa karatasi unabadilika, na utaona zaidi kesi na mapatano kuliko mauzo.

Jambo jengine ni miti. Katika visiwa hivi mtu anaweza kumiliki minazi bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Karatasi inayosema "minazi arubaini ya Bwejuu" imeuza minazi arubaini. Usiiandike kuwa ni shamba. Karatasi nyingi hazitaji eka, zinahesabu miti. Kwa makisio, minazi iliyopandwa vizuri hukaa 50 hadi 60 katika eka moja, na mikarafuu karibu 100. Minazi 300 basi ni eka tano hadi sita. Mashamba ya zamani hayakupandwa kwa kamba, kwa hivyo acha nafasi ya kukosea, hasa ufukweni ambako minazi husongamana mstari wa mbele na kupungua kadiri unavyoingia maweni.

Mafungu yanavyotaja watoto

Babu akishafariki, karatasi huanza kutaja mafungu, na mafungu hayo yanaweza kukujengea familia iliyopotea. Marehemu akiwa ameacha watoto, mke hupata thumni (moja katika nane), mama wa marehemu sudusi (moja katika sita), na kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Tuseme ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na mmoja wa kike. Hesabu inasimama kwenye 120: mke 15, mama 20, kila mwana wa kiume 34, binti 17. Kama ni minazi 240, mke ana 30, mama 40, wana wa kiume 68 kila mmoja, binti 34.

Sasa igeuze. Umepata hati ya miaka ishirini baadaye ambayo mwanamke anamuuzia kaka yake mafungu 17 katika 120. Hujui ndugu zake, lakini hati imekwambia: babu alipokufa mkewe alikuwa hai, mama yake au baba yake alikuwa hai, na watoto walihesabika kwa mafungu matano, yaani wanaume wawili na mwanamke mmoja, au mwanamume mmoja na wanawake watatu. Ukikuta mafungu 7 katika 40, ni hali hiyo hiyo ila mama na baba walikuwa wameshatangulia. Ukikuta mjane mwenye moja katika 16, walikuwa wajane wawili wakigawana thumni moja. Watoto wa suria wanaotambuliwa na baba yao hurithi sawa na wa mke, kwa hivyo hesabu ikikataa, kwanza tafuta mtoto ambaye familia ilikuwa haimtaji. Jambo hilo linahitaji staha. Limalize kwenye karatasi kabla hujalipeleka kwenye barza.

Mauzo ya dada kwa kaka ni mengi mno pwani yetu, na yana sababu. Binti ameolewa Mkoani, fungu lake liko Wete, na mwenye shirika ana haki ya shufaa, yaani ya kutangulizwa kabla ya mgeni. Hati hiyo ikueleze binti ameolewa wapi na wakili wake ni nani. Wakili mara nyingi ni mume.

Karatasi zisizokuwa nyumbani

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja. Nenda na kitambulisho, penseli na daftari, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka. Omba orodha kwanza, usiombe "kila kitu cha babu". Kundi la nyaraka liitwalo AM lina hati za mauzo na mikopo zilizosajiliwa, nyingi za kuanzia miaka ya 1870. HC ni la mahakama, ambamo mna mirathi na kesi. AB ni faili za serikali ya wakati wa ulinzi wa Waingereza, za Unguja na Pemba pamoja, kwa hivyo mtu wa Pemba asiache kuvuka. Fahamu pia nani hayumo: daftari za ubalozi wa Uingereza zilijaa hati ambazo upande mmoja ni Mhindi raia wa Kiingereza, maana ndio waliozisajili. Babu aliyenunua kwa mjomba wake kwa waraka wa kadhi anaweza asionekane humo kabisa, na bado alikuwa na mashamba matatu. Andika nambari kamili ya kila jalada na ya hati. Bila ya nambari hutaiona mara ya pili.

Kamisheni ya Wakfu ilianzishwa 1905, na hapo ndipo penye hazina ambayo watu huisahau. Aliyeweka wakfu shamba kwa dhuria wake aliwataja kwa majina, wake kwa waume, na wakati mwengine akawaingiza watumwa aliowaacha huru na watoto wao. Ikiwa babu yako ni miongoni mwa hao walioachwa huru, waraka wa wakfu au wa uhuru huenda ndio pekee uliomwandika. Utafute kwa jina la aliyemmiliki na jina la shamba, halafu ndio uje kwa jina lake.

Babu ambaye hakununua

Pwani ya mashariki na kusini Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje, na Tumbatu na sehemu nyingi za Pemba, mwanzilishi hakununua. Alifyeka. Ardhi ikawa ya kiambo na ukoo, haikuuzwa kwa mgeni, na karatasi haikuandikwa. Wengine walianza kwa dago, yaani kambi ya wavuvi, wakavua msimu, mwishowe wakachimba kisima na kuhamisha wake zao. Ushahidi wake ni kisima chenye jina lake, makaburi ya ukoo, kuta za mawe ya matumbawe, mbuyu, na pahala pa mizimu panapoangaliwa na mvyale, ambaye kwa desturi hutoka kwenye ukoo wa waliotangulia. Muulize mvyale na wazee wa mji mlolongo wao, na uulize ukoo upi uliwapa wengine ruhusa ya kulima. Anayetoa ruhusa ndiye aliyetangulia.

Shambani kwenyewe nenda na mtu wa mahali hapo, na umpitie sheha (kiongozi wa mtaa) kwanza, ili watu wasidhani umekuja kudai. Nenda wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, uone bahari inafika wapi hasa. Mpaka ulioandikwa "bahari" zamani huenda leo uko ndani ya maji, au mikoko imeusogeza nje. Angalia misufi mikubwa iliyopangana na safu za mbono, mara nyingi zilikuwa mipaka. Piga picha ya kaburi jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, maandishi yatoke. Usisugue, usitie chaki. Picha za anga za droni zilizopigwa kuanzia 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi zinaonyesha mnazi mmoja mmoja, na zinafaa kulinganisha na vile visanduku ulivyochora.

Mlolongo wa umiliki utakatika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ardhi ikawa ya taifa, mashamba mengi yakagawiwa eka tatu tatu, na sheria ya 1992 ikaweka haki ya matumizi badala ya ile ya zamani. Anayelima leo hapo alipokuwa babu yako ana haki yake, na pengine naye ni kizazi cha tatu juu ya ardhi hiyo. Mwambie wazi kwamba unatafuta ukoo. Kisha muulize aliowakuta: nani alikuwa akiangalia makaburi, nani alikuja kuzuru mara ya mwisho, na miti ile ya zamani waliiita ya nani. Majina atakayokupa yatie kwenye visanduku, pembeni mwa yale ya waraka.